Ombi la Kuibadili Namba ya Dharura Ifanane na ya Mama Mkwe

Kwa Mkuu wa Kituo cha Simu za Dharura,

Mheshimiwa, pole na kazi. Mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni kwangu, na kwa adabu zote nakuomba ubadilishe namba ya dharura ya nchi nzima. Sababu ni mama mkwe.

1. Alihamia kwetu kutoka nchi jirani baada ya kufiwa. Kwao namba ni moja tu: moto, wezi, uchungu wa kuzaa, yote humo humo. Anasema kichwa chake hakina nafasi ya nyingine.

2. Juzi sufuria ilishika moto, akapiga namba ya kwao. Hapa kwetu, Mheshimiwa, namba hiyo inauza nyimbo za simu, zile anazosikia anayekupigia! Mtu anaita zimamoto, anaambiwa abonyeze moja. Akabonyeza. Jirani aliuzima moto kwa maji ya kufulia, lakini hadi leo ukimpigia mama mkwe unapokelewa na kijana anayelilia mapenzi. Shemeji zangu wameanza kuulizana.

3. Ana simu nyingine yenye laini ya kwao, hataki kuiacha. Ililia tahadhari ya mafuriko, nikapandisha vitambaa vyote juu ya kabati. Kumbe mafuriko yalikuwa ya kwao.

4. Sasa amefunga begi. Anasema hawezi kulala kwenye nchi asiyojua kuiita. Mke wangu analia, na mimi, haki ya nani, nimemzoea. Akiondoka, nani atanikosoa mishono?

Kama kubadili namba ni kazi, basi ziiteni nchi zote zikae chini zikubaliane namba moja, ya mama mkwe. Sare za wajumbe nitashona mimi.

Nisalimie wote kituoni, hasa yule dada mpole niliyempigia kuulizia anwani yako, akaniambia hiyo si dharura.

Wako mwenye wasiwasi,
Fundi wa mlango wa kijani

N.B. Nikiwa natia saini nilisahau pasi juu ya suruali ya mteja, moto ukarukia pazia. Kwa kiwewe nikapiga namba ya mama mkwe. Na mimi sasa nina wimbo. Mama mkwe akaninyang'anya simu, akapiga yenu bila kusita, akataja mtaa, nyumba na rangi ya mlango. Loo! Kumbe aliikariri siku ile ile ya sufuria. Alikuwa anatafuta kisingizio tu cha kurudi kwao. Vijana wako wamewahi, asanteni sana. Mama mkwe ameshafungua begi. Anasema nyumba yenye mtu kama mimi haiachwi hivi hivi. Namba iacheni ilivyo.