Kengele ya Nyumbu na Matairi Manne

Jumatatu, 3 Agosti 1998

Nyumbu, timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Tallasaw, wameanza mazoezi. Jua la Alabama linachoma hata kivulini. Sisi mashabiki tulisimama nje ya uzio tangu asubuhi, tukitazama vijana wakigongana mabega. Nilivaa kofia mpya. Kocha Pickard akapita. Akamwambia shemeji yangu Hoyt, "Hoyt, mzima wewe? Goti limepona?" Mimi akaniita mzee wa matairi. Ni kweli nauza matairi. Lakini nina jina, Orval Stubbs, na magoti yangu yanauma kuliko ya Hoyt.

Huyo Hoyt ndiye aliyepiga kengele mwaka jana. Kila mwaka, kwenye mechi ya kwanza ya nyumbani, shabiki mmoja hupiga kengele ya chuo Nyumbu wanapoingia uwanjani, na mji mzima husimama. Naingoja kengele hiyo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Hoyt, kaka wa mke wangu Nelda, ameanza kushangilia juzijuzi tu. Kabla ya hapo hakujua hata mpira wetu una ncha mbili. Nina wivu. Nauandika hapa ili usinipasue kifua.

Bi Ouida Crenshaw, mwenyekiti wa chama cha mashabiki, atamtaja mpigaji wa mwaka huu kwenye karamu ya kambale, Jumamosi ya wiki ijayo. Humpa aliyeifanyia timu jambo kubwa. Mwaka huu ni mimi au nahama.

Jumatano, 5 Agosti

Jambo kubwa limepatikana. Linaitwa Kendrell Tolliver.

Kijana wa hapa hapa kwetu, amebakiza mwaka mmoja wa sekondari. Mabega kama kabati. Vyuo viwili vinamposa akachezee timu zao: sisi Nyumbu, na wale Mamba wa Chuo cha Pruitt, Mungu awasamehe maana mimi siwezi. Ijumaa ya wiki ijayo atakaa mbele ya watu kwenye ukumbi wa shule yake, kofia mbili mezani. Atakayoivaa, ndiko aendako.

Hoyt anawaambia watu kinyozini kwamba Kendrell ni wetu, kwamba yeye ana habari za ndani. Habari za ndani ya nini? Ya sufuria?

Nikamwambia Nelda kwamba atakayemleta Kendrell, kengele ni yake. Nelda akanikumbusha kanuni: shabiki haruhusiwi kumpa kijana anayeposwa chochote, hata peremende, la sivyo chuo kinaadhibiwa na kijana tunamkosa. Nikamjibu naijua, Bi Ouida huisoma kila mkutano. Inasema kijana. Haimtaji mama yake. Nelda akasema inawataja na jamaa zake wote, sentensi inayofuata. Inawezekana. Sentensi hiyo ikisomwa mimi huwa nimekwenda kuongeza pai ya viazi vitamu.

Ijumaa, 7 Agosti

Bahati imeingia dukani kwa miguu yake yenyewe, au tuseme kwa gurudumu lenye pancha. Bi Verdell Tolliver, mama wa Kendrell! Alitaka kiraka kimoja. Nikatazama matairi yake. Upara mtupu. Nikamkaribisha kiti, nikampa chai baridi, nikaingia uani na gari lake. Lilipotoka lilikuwa na matairi manne mapya, yale mazuri ya mvua.

Bi Verdell alilizunguka gari polepole. Akasema, "Baba, mimi nimeomba kiraka."

Nikamwambia leo ni siku ya wateja wenye bahati. Akauliza wengine wenye bahati ni akina nani. Nikasema ameanza yeye. Akanitazama, akaitazama picha ya Nyumbu iliyo juu ya kaunta, akanitazama tena. Alikuwa anachelewa kazini, akaondoka. Hakusema asante. Furaha humziba mtu mdomo.

Jioni nilimsimulia Nelda yote. Aliosha vyombo, akavaa viatu, akasema anampelekea Bi Ouida sinia lake. Sinia hilo liko kwetu tangu Pasaka. Wanawake hukumbuka vitu kwa wakati wa ajabu.

Jumatatu, 10 Agosti

Nilikuwa nimeapa kunyamaza. Mbaya ni Hoyt.

Alipiga simu redioni asubuhi, kwenye kipindi cha mashabiki. Mtangazaji akampokea kama mfalme. Akamwita mpiga kengele wetu. Hoyt akajigamba: amezungumza na watu fulani, Kendrell ni wetu, siku hiyo tutamkumbuka Hoyt. Kila duka la mtaa linasikiliza kipindi hicho. Wateja wangu wakatikisa vichwa wakisema Hoyt kweli anaipenda timu. Mbele yangu! Wakiwa wamekalia viti vyangu!

Mkono ulinyanyua simu wenyewe. Nikasema hewani kwamba wenye maneno wana maneno na wenye vitendo wana vitendo, na kwamba asiyeamini akatazame matairi ya mama yake Kendrell, manne, mapya, amefungiwa na Orval Stubbs bila kulipa kitu.

Mtangazaji akasema, "Mzee, umejisikia ulivyosema?" Nikamwambia nimejisikia vizuri sana. Wakaweka tangazo la mbolea.

Jumatano, 12 Agosti

Wivu wa watu umeanza kunitafuna. Jana nilipigiwa simu na ofisi ya kanuni ya chuo. Binti mwenye sauti ya upole alisema Kocha Pickard hawezi tena kumposa Kendrell, na kwamba mimi nisikanyage uwanja msimu huu wote, wala nisisimame kwenye uzio. Nikauliza kama kupiga kengele kunahesabika kuwa kukanyaga uwanja. Nikamwambia asijibu haraka, afikirie.

Hoyt alikuja kunipa pole na keki ya nazi. "Shemeji, ni mapenzi tu yamekuzidi," akasema. Hata msamaha wake una maringo. Keki ilikuwa tamu, na hilo liliniudhi zaidi.

Ijumaa, 14 Agosti

Kwenye ukumbi wa shule palikuwa na kofia moja tu mezani. Ya Mamba. Kendrell aliivaa bila kutabasamu. Mama yake alikaa nyuma yake, mgongo wima. Nilikuwa mlangoni nimevaa koti la mvua, siku kavu. Nilipomwona kijana akiinamisha kichwa moyo uliniuma. Alitaka kukaa nyumbani. Mtu yeyote angeona. Nikatamani nizame ardhini. Kisha nikamwona Hoyt akilia hadharani, watu wakimpigapiga mgongoni kumfariji, nikasahau.

Jumamosi, 15 Agosti

Asubuhi nilikuta matairi manne yamepangwa mlangoni pa duka. Yameoshwa. Bi Verdell ameyarudisha, amejinunulia ya kwake.

Jioni, karamu ya kambale. Nikawekwa meza ya pembeni, karibu na mapipa ya taka. Bi Ouida akasimama. Nikajiandaa kumsikia Hoyt akitajwa tena, nikauma kitambaa cha meza. Akasema mwaka huu chuo kilikuwa kifungiwe, lakini mtu mmoja alikwenda kwake na ukweli mapema, siku tatu kabla redio haijabwata, naye akaupeleka chuoni usiku huohuo, chuo kikajishtaki chenyewe kwa wasimamizi wa mchezo, adhabu ikapita mbali. Mtu huyo aliweka timu mbele ya nyumba yake. Kengele ni ya Nelda Stubbs.

Mji mzima ukasimama. Hoyt akapiga miluzi. Mke wangu akapita katikati ya meza na gauni lake la bluu, akiona haya, na akapendeza, na sikuweza kushangilia maana kinywani nilikuwa na kitambaa.

Sinia!

Jumatatu, 17 Agosti

Nelda anafanya mazoezi ya kengele jikoni kwa mwiko na kifuniko cha sufuria. Anapiga vizuri. Nilimwambia mkono wake uko chini mno. Akaniambia, "Orval, mume wangu, umejifunza kitu lakini?"

Nimejifunza. Nimekaa dukani mchana kutwa nikiyatazama matairi yale, hekima ikanishukia. Zawadi ya shabiki wa Nyumbu imewakosesha Nyumbu kijana. Basi zawadi ya shabiki wa Mamba itawakosesha Mamba. Kanuni ni moja. Na Kendrell, akishaharibika kwa Mamba, atarudi kwetu, na Bi Ouida atajua kengele ni ya nani hasa.

Matairi ninayo, tena yameoshwa. Kofia ya Mamba nimeinunua mji wa jirani, imenikaa vizuri kuliko nilivyotaka. Miwani myeusi ipo. Kinachokosekana ni ndevu, maana Bi Verdell ananijua sura. Zipo zile za igizo la Krismasi, kwenye stoo ya kanisa, ambazo Hoyt huvaa kila mwaka anapochaguliwa kuwa Yusufu.

Nimeomba miaka yote niwe Yusufu mimi. Hunipa niwe kondoo.