Darubini Iliyotazama Louisiana

Jumamosi, 4 Oktoba

Uwanja wa shabaha, magharibi ya Houston. Upepo mdogo. Bunduki mpya. Nimeingoja tangu Machi. Imetengenezwa kwa vipimo vyangu na Kudra, fundi bunduki wa Carrollton, karibu na Dallas, Mpare wa Usangi. Umbali: yadi elfu moja. Nimelenga katikati. Risasi zimekwenda kushoto. Nikazungusha kirekebisho cha darubini. Kushoto. Nikazungusha mpaka kikagoma. Bado kushoto!

Sospeter, kaka wa mke wangu, alikuwa kwenye meza ya jirani. Akaja bila kuitwa. Akainama nyuma ya bunduki, akafumba jicho moja, akatangaza kwamba reli inayoshika darubini imefungwa upande. "Shemeji, mtutu unatazama mbele. Darubini inatazama Louisiana." Akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Ana sababu ya kufurahi. Timu ya klabu imebakiwa na nafasi moja. Ni yeye au mimi. Mchujo ni tarehe 18. Atakayeshindwa atabaki kuwachomea nyama wenzake. Mimi nimechoma nyama misimu mitatu mfululizo. Nasifiwa sana kwa mbavu. Sitaki kusifiwa kwa mbavu.

Siku ya kunikabidhi bunduki, Kudra aliniambia jambo moja: nikiona kasoro, nimpigie kabla sijagusa skrubu hata moja. Sijampigia. Kwanza nifikiri.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimefikiri wakati wa mahubiri. Nikimpigia, ataomba radhi, atarekebisha, mambo yataisha. Hasara tupu! Kosa la fundi ni mtaji. Likitunzwa vizuri linaweza kunizalia kitako kipya cha bunduki, cha mbao ya mti wa jozi, ambacho mwanzoni nilikiona ghali.

Pelagia, mke wangu, akauliza mbona nisimwambie tu mwanamke wa watu. Nimemweleza kwamba mimi ni Mchaga, Kudra ni Mpare, na sisi ni watani. Mtani huwezi kumpelekea shida yako ikiwa mbichi, ataigeuza mzaha. Lazima utafute nguvu ya umma. Pelagia ni Mhaya. Akasema kwao mtu akiharibiwa kitu, anasema kimeharibika.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mpango umeboreshwa. Reli nitainyoosha mwenyewe ili nishinde mchujo, kisha nidai kitako vilevile. Faida mbili.

Nimefungua skrubu, gereji, baada ya kazi. Nimekata kipande cha kopo la soda ya machungwa na kukipachika chini ya reli upande mmoja. Haikukaa. Nikachukua tupa. Nikapiga tupa kidogo. Nikapiga tena kidogo. Tupa ikateleza na kuchora mstari juu ya chuma, mrefu kama kidole. Nimeupaka rangi nyeusi ya viatu. Kwa mbali hauonekani. Kwa karibu unanuka.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda uwanjani kujaribu. Risasi sasa zinakwenda kulia, na chini. Darubini imeiacha Louisiana mashariki, inatazama New Mexico magharibi.

Nguvu ya umma, basi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeandika kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa Texas. Maneno mazito. Nimetaja imani iliyovunjwa, weledi, na heshima ya jumuiya. Nimeambatanisha picha, upande usio na rangi ya viatu.

Simu ilijaa vicheko kabla sijafika jikoni. Mmoja wa Dallas: "Mchaga kapigwa na Mpare! Kumbe dunia ina haki." Mwingine: "Tangu lini Mchaga akafungua kesi? Hiyo si kazi ya Wapare?" Wa tatu akakumbusha kwamba Mpare huuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku, akauliza mimi nitauza nini. Nikaandika kwa herufi kubwa: SITANII. Hilo limewafurahisha kuliko yote. Wakasema sijawahi kutania vizuri namna hii.

Kudra naye akajibu hadharani: "Mchaga akilia, tazameni kwanza mkono wake uko kwenye mfuko wa nani."

Kisha akaniandikia pembeni. Kaka Rogers, akasema, kule ni utani, huku ni kazi. Picha nimeiona. Reli inaonekana imekaa upande, na niliyeifunga ni mimi. Kama kosa ni langu nitalirekebisha kwa gharama yangu, na ukipenda kurudisha bunduki nitaipokea. Leta, au nije. Ila usiiguse tena.

Nimesoma mara kadhaa. Kuomba radhi mapema namna hii ni mbinu. Na hiyo "tena" sijaipenda.

Sijamjibu. Nimempigia Mzee Ambilikile wa Stafford na kuomba kikao. Ni Mnyakyusa, hana utani na upande wowote, na aliwahi kuwa mkaguzi wa shule huko Rungwe. Akaniuliza kama fundi amekataa kurekebisha. Nikasema suala ni pana zaidi ya hapo. Akaguna. Kikao Jumamosi, nyumbani kwake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kikao. Magari yamejaa mpaka barabara ya nyuma. Watu wamekuja na masufuria. Wachaga wamekaa kulia, Wapare kushoto, wengine wote wamekaa karibu na pilau. Nilimwona mtu amekuja na kiti chake.

Kudra alifika kutoka Carrollton akiwa na sanduku la vifaa. Akamwamkia Mzee, akawasalimia wote, akaniuliza kama mamba wa Pearland, mji ninaokaa, wamenizoea. Kicheko.

Nilizungumza kwa muda wa kutosha. Nilisimama. Nilieleza athari za kisaikolojia. Kila nilipotua kuvuta pumzi walipiga makofi. Sospeter alifuta machozi. Mama mmoja wa Same akasema kwa sauti kwamba kijana anajua kuigiza, apewe maji.

Kisha Kudra akafungua bunduki mezani. Hakuhutubia. Akalaza ufito wa chuma juu ya mtutu na mwingine juu ya reli, akawaita watu wasogee. Fito mbili ziliachana kama mkasi. Mtoto angeona. Akasema matundu ya reli alitoboa yeye. Akasema kishikio kilicheza wakati wa kutoboa, na alikuwa na wajibu wa kuipeleka bunduki kwenye masafa marefu kabla ya kuikabidhi. Wiki ile mvua ilinyesha, akaijaribu kwa masafa mafupi, kosa halikujionyesha. "Mvua haikutoboa tundu. Kosa ni langu."

Kicheko kikakatika. Chumbani walikuwamo watu wawili waliokwisha kuagiza bunduki kwake. Mmoja alitazama viatu vyake. Kudra alimwona, akaendelea kukusanya fito. Hapo nilijua nimeshinda.

Akageuza bunduki. Akaleta pua karibu na chuma. "Matundu haya ni yangu. Lakini hii tupa si yangu."

Nikasema ilikuja hivyo.

Akafungua skrubu. Kipande cha kopo la soda kikaanguka mezani, chenye picha ya nusu chungwa. Akaniuliza kwa upole kama na chungwa lilikuja hivyo.

Kelele zilizofuata sitaziandika. Mama wa Same aliomba nipewe maji tena.

Mzee Ambilikile akagonga meza na kijiko. Akasema kosa la fundi ni la fundi, na fundi amelitaja kabla ya kuulizwa. La tupa ni la mwenye tupa, naye mpaka sasa analisingizia chungwa. Juu ya hayo, nimemkasirikia mtani hadharani, jambo ambalo hata Wachaga wenzangu wamelionea haya. Faini: mbuzi mmoja, aliwe na jumuiya nzima siku ya mchujo. Upande wa kulia, wa watu wangu, ulishangilia zaidi.

Kudra akaomba neno. Akasema reli atabadilisha nzima, pamoja na sehemu niliyopiga tupa, kwa sababu kama asingekosea yeye mimi nisingeshika tupa. Mkwaruzo hataugusa. Huo nilijichorea. Na wale wawili walioagiza, kila mmoja aje siku ya kujaribu bunduki yake, alenge mwenyewe kwenye yadi elfu kabla ya kuipokea. Yule wa viatu akainua kichwa. Akauliza tarehe.

Nikanyoosha mkono na kuuliza kuhusu kitako cha mbao ya jozi. Mzee akauliza kama kuna mtu hajapata pilau.

Alhamisi, 16 Oktoba

Carrollton. Mwendo wa saa nne na nusu barabarani, malori kila upande. Karakana ya Kudra iko nyuma ya duka la vigae. Ndani ni pasafi kuliko gereji yangu, na kuliko jikoni kwetu, ingawa hilo sitalisema nyumbani.

Kazi imeisha. Matundu mapya, skrubu nene zaidi, reli mpya. Hakunipa bunduki. Alinipeleka uwanjani kwanza, akaniambia nilenge. Nikasema alenge yeye, kazi ni yake. Akalala chini, akapiga tano kwenye yadi elfu. Zote zingefunikwa na kisahani cha kikombe. Akaniuliza kama nimeridhika. Nikasema naona zimeelemea kidogo juu. Akasema juu ndiko alikolenga.

Nimejaribu jambo la mwisho. Nimemwomba awaandikie klabu kwamba bunduki bado haijatulia, ili nikipata alama chache wazingatie. Akasema, "Mtani, bunduki si maharage, isubiriwe iive." Akanipa chai, na kitafunio cha safari. Mpare, na ubahili wao wote, ametoa kitafunio! Nimekikagua.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mchujo. Hakuna upepo. Hakuna jua machoni. Hakuna kitu chochote cha kulaumu.

Sospeter amepiga kwa bunduki ya dukani, ya zamani, yenye kitako kilichofungwa utepe. Alama nzuri, za kawaida.

Mimi: ya kwanza kushoto. Ya pili kulia. Ya tatu waamuzi wameitafuta kwa darubini mbili bila mafanikio. Ya nne imepiga katikati kabisa, penyewe, safi. Kwenye kibao cha Sospeter. Mwamuzi amesema haihesabiki kwake na kwangu ni sifuri. Ndiyo risasi yangu bora tangu nianze mchezo huu. Zilizobaki hazina habari.

Nikatangaza kwamba reli imerudia ugonjwa wake. Mzee Ambilikile, aliyekuja kwa ajili ya mbuzi, akasema hilo linapimika. Akampa Sospeter bunduki yangu. Sospeter akasita, akasema, "Shemeji, nisamehe," akalala chini.

Tano. Kisahani.

Akanirudishia bunduki kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu. Wale wawili walioagiza walikuwapo. Mmoja akampigia simu Kudra palepale, mbele yangu, akamwambia aongeze na ya ndugu yake. Sospeter ameingia timu. Mimi nimekabidhiwa aproni.

Mbuzi alikuwa mzuri. Wamesifu mbavu.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimetafakari kwa utulivu. Hali ni hii. Wiki mbili zilizopita nilikuwa mlengaji hodari mwenye bunduki mbovu. Watu walilijua hilo, picha walikuwa nazo. Leo nina bunduki nzima, na Texas yote imeiona ikipiga ikiwa mikononi mwa mtu mwingine. Kati ya hali hizo mbili aliyepita ni mtu mmoja tu, na vifaa vyake. Hasara ni kubwa, na mhusika anafahamika.

Nimempigia Mzee Ambilikile kuomba kikao kingine. Akauliza kama nimelala vizuri. Nikasema nimelala vizuri sana, na nimeandaa hotuba ndefu kidogo kuliko ya kwanza.

Pelagia alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Akaja na mwiko mkononi, akaniuliza kosa ni lipi safari hii. Nikamjibu kwamba kosa hakuna, na hapo ndipo penye kesi.