Kaunda Suti ya Meya

Hemedi Mwinshehe aliigundua kazi ya umeya akiwa Kisarawe, anauza miwani ya kusomea ambayo mtu akiivaa haoni kitu.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu, ule ukungu wa kule mlimani unaolowesha kola ya shati. Pembeni ya soko palikuwa na turubai, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe, na meza kuu ina maua ya bandia na chupa za maji. Watu wamekaa kimya kama wako msibani. Hemedi akamwinamia mama mmoja.

"Shikamoo mama. Kuna nini hapa?"

"Marahaba. Tunazindua choo cha soko, mwanangu. Ila mgeni rasmi kapiga simu, kapata udhuru."

"Choo chenyewe si kimekwisha?"

"Kimekwisha tangu mwezi wa Ramadhani. Kimetiwa kufuli, kinamsubiri yeye."

"Na watu wanakwenda wapi?"

"Wewe uza miwani yako," mama akasema.

Hemedi akakitazama kiti cha katikati. Kilikuwa cha sofa, kina kitambaa cha lasi mgongoni, na kilikuwa kitupu. Siku hiyo alivaa kaunda suti ya kijivu ya marehemu baba yake, iliyopigwa pasi ya mkaa hadi mikunjo yake ikasimama kama makali ya panga. Akawaza: dukani mtu hakopeshwi kilo ya sukari mpaka aulizwe anakaa kwa nani, lakini ukishakalia kiti cha katikati, nani atakuuliza umetoka wapi? Akaificha miwani chini ya turubai, akakohoa, akasema yeye ni meya mstaafu wa mji mmoja kule Unyamwezini, alikuwa anapita tu.

Alichagua Unyamwezini kwa sababu ni mbali. Alifikiri vizuri sana, kasoro kitu kimoja, nacho tutakifikia.

Jioni ile alishuka mlima na mbuzi, mananasi, na korosho za kubangua kwa mkono. Nyuma yake wananchi walikuwa wamepanga foleni ya furaha mbele ya choo chao.

Tangu hapo miwani ikasahaulika. Hemedi akamchukua Rama, mtu mzima mwenzake wa Mlandizi, mwenye gari jeupe kuukuu linalowaka likisukumwa. Wakawa wanazunguka, leo wanafungua daraja la miti, kesho banda la kuku. Kila mahali Hemedi alitoa hotuba ile ile, aliyoiita "Tafakari za Meya". Tena ilikuwa hotuba nzuri, tusimdhulumu.

"Ndugu zangu," alikuwa akisema, mkono mmoja mfukoni, "mji hauanzii ofisini. Mji unaanzia kwenye mtaro wa mlangoni pako. Mimi nimeongoza watu, nimejifunza: maendeleo hayaletwi na mgeni. Kiongozi wa kweli huvua koti akashika jembe!"

Watu hupiga makofi, akina mama vigelegele, na Rama hupakia mbuzi.

Ubaya wa mbuzi ni kwamba humzoesha mtu. Hemedi akaanza kutaka kikubwa zaidi. Kikubwa hicho akakiona Mkuza, pale Kibaha, ndani ya stoo ya Mzee Jumbe: pampu ya maji, mpya, ya buluu, bado iko ndani ya nailoni.

Pampu ile ilikuwa ya akina mama wa mtaa. Waliinunua kwa kukaanga maandazi alfajiri, kwa kufuga kuku na kwa kujinyima vitenge vya sikukuu, kwa kuwa walichoka kununua madumu ya maji ya mkokoteni. Kisima kilishachimbwa. Tangi lilishapandishwa juu ya mnara wake. Kilichobaki ni mfereji wa kulaza bomba, na huo wanaume wa mtaa waliahidi kuuchimba. Waliahidi Jumamosi. Jumamosi gani, hawakusema. Kwa hiyo fundi wa pampu alikuwa anakaa kwa Bi Maulida, mkubwa wa akina mama hao, anakunywa chai, anasubiri.

Mzee Jumbe, mlezi wa kikundi cha akina mama hao, alikuwa na tumbo la mbele na hamu ya udiwani. Hemedi alimkalisha barazani.

"Mzee wangu, mtu kama wewe huko juu wanakutafuta. Nikirudi nitakutaja. Hata barabara hii, kwa nini isiitwe Barabara ya Jumbe?"

Mzee Jumbe akameza mate. "Kibao cha kijani au cha buluu, mheshimiwa?"

"Utachagua mwenyewe. Ila nina wasiwasi na hiyo pampu. Haijapimwa. Ikilipuka siku ya uzinduzi, udiwani ndio basi tena. Nitaizindua kwa kuikatia utepe, halafu niende nayo Dar ikapimwe, niirudishe na cheti."

"Ichukue, mheshimiwa! Ichukue kabisa!"

Rama alipoambiwa, akashika kiuno. "Bosi, mbuzi sawa. Lakini maji ya akina mama?"

"Wewe endesha gari."

"Litawaka likisukumwa, bosi."

Siku ya uzinduzi pampu ikawekwa mezani, imefungwa utepe mwekundu kama bi harusi. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mguu wa meza. Mzee Jumbe akasimama, akamkaribisha meya mstaafu, "mtoto wa Kinyamwezi aliyetukuka". Hemedi akamwaga Tafakari zake zote, akamalizia kwa habari ya kupimwa kwa pampu Dar es Salaam. Makofi yalikuwa machache. Akina mama walitazamana. Wakamtazama Bi Maulida.

Bi Maulida alikuwa Mzaramo wa kuzaliwa pale pale, mwembamba, kanga zake mbili hazipishani rangi. Akainuka taratibu. Akapita mbele ya meza kuu, akasimama mbele ya mgeni rasmi, akashika kiuno.

"Ati we Mnyamwezi!" akasema kwa sauti ya juu. "Nani kakuruhusu kukaa kwenye kiti cha Wazaramo? Babu yako alipita hapa na mzigo kichwani, akaomba maji ya kunywa, mpaka leo hajatulipa!"

Turubai zima likaangua kicheko cha utani. Hata mtoto mchanga wa Kinyamwezi anajua jibu la hapo ni kuruka na kumtukana Mzaramo kwamba baba yake aliuza shamba acheze ngoma. Hemedi akainua kidole.

"Mama," akasema, "tuheshimiane."

Kicheko kikakatika. Mnyamwezi gani anamwomba Mzaramo heshima? Bi Maulida alimtazama kwa muda, kuanzia viatu hadi nywele, kama mtu anayechagua samaki. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile Hemedi akalijua. Alishaliona kwa shangazi zake kule Mlandizi, msibani, wakiwavua watani viatu. Maana Hemedi mwenyewe ni Mzaramo. Alikuwa amewaza yote isipokuwa hilo: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na ukijiita Mnyamwezi katikati ya Wazaramo, umejipa watani mtaa mzima.

"Mtani wangu kafika!" Bi Maulida akapiga kelele. "Jamani, mtani haondoki na nguo zake!"

Akina mama wakamvamia kwa vigelegele. Mmoja akavua kiatu cha kulia, mwingine cha kushoto. Bi Maulida akamfungua vifungo vya koti kimoja kimoja, kwa upole, kama anamvua mjukuu. Hemedi akapiga hesabu. Akikasirika, si Mnyamwezi. Akisema si Mnyamwezi, yeye ni nani basi? Ikabidi acheke. Alicheka kicheko kikavu, amebaki na singleti, suruali na soksi.

"Rama!" akaita.

Rama akaja mbio, akasimama, akamtazama bosi wake, akawatazama akina mama. "Jamani, na mimi Mzaramo!" akasema. "Wa Mlandizi! Huyu ni mtani wangu!" Akamvua saa, akachukua simu mezani, akamfungua na mbuzi.

"Rama, nitaku..."

"Mtani hakasiriki, mheshimiwa," Rama akamwambia. Vijana wa kando walilisukuma gari, likawaka, likaondoka, mbuzi anachungulia kwa dirisha la nyuma.

Mzee Jumbe alikuwa anajipangusa jasho. "Bi Maulida, mheshimiwa anaadhirika!"

"Vitu vya mtani vinakombolewa," Bi Maulida akajibu. "Kikomboleo ni kidogo. Amesema mwenyewe, kiongozi wa kweli huvua koti akashika jembe. Koti tumeshamsaidia." Akamwekea jembe mkononi. "Kutoka kisimani mpaka kwenye tangi, mtani."

Hemedi akachimba. Udongo wa Mkuza juu ni mchanga, chini ni mfinyanzi, na mfinyanzi haubembelezeki. Wanaume wa mtaa walisimama kidogo, mikono nyuma. Lakini kumtazama meya mstaafu akichimba na soksi si jambo la kuvumilika. Mmoja akaleta sururu, mwingine beleshi. Mwishowe Mzee Jumbe naye akaingia mferejini, tumbo likitangulia, akiulizia kama mpiga picha yupo.

Jua lilipoelekea kushuka, fundi akaacha chai yake. Bomba likalazwa, pampu ya buluu ikavuliwa nailoni, ikaunguruma. Bomba la chini ya tangi likakohoa, likatema tope, kisha likatoa maji meupe. Akina mama hawakupiga vigelegele. Kila mmoja akatia kiganja chake.

Bi Maulida akamletea Hemedi maji kwenye kikombe cha bati, akakaa naye ukingoni mwa mfereji.

"Mtoto wa nani wewe?" akamuuliza, sasa kwa sauti ya ndani.

"Wa Mwinshehe," akajibu chini chini. "Mlandizi."

"Aliyekuwa anashona?"

"Huyo huyo."

"Nilijua. Hiyo mishono ni yake. Arobaini ya mume wangu alikuja amevaa suti hiyo hiyo." Akamrudishia viatu. "Unahutubia vizuri, lakini. Usiache."

"Na koti, bibi?"

"Koti la nini? Wewe si mtani wangu. Wewe ni mwanangu, na mali ya mwanangu ni yangu."

Hemedi alitembea hadi Maili Moja na singleti yake, kiu imekatika, anatafuta mtu wa kumwazima nauli.

Lile koti la kaunda suti bado liko Mkuza. Limetundikwa kwenye mti wa msalaba katikati ya mihogo ya Bi Maulida, vifungo vyote vimefungwa, linafukuza ngedere. Kila asubuhi Mzee Jumbe akipita kwenda kuchota maji husimama kando ya ua, huangalia huku na huku, kisha huliuliza kwa heshima kama kule juu wameshamtaja.