Mzigo Hautoki Mpaka Simu Ilie

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kumi na tatu ya Kwaresima. Wenzangu jumuiyani wamefunga nyama, wengine soda. Mume wangu Apolinari amefunga bia, tutaona. Mie nimefunga hasira. Mpaka leo nimeivunja mara tisa tu.

Leo Bi Wahiba, mwenye duka la mashuka, kanzu na udi hapa Tandika, amenipa mtihani. Tovuti ya duka niliyomtengenezea mwaka jana anaipenda, ila mteja akichagua shuka inabidi apige simu, waulizane bei, watumiane namba, mwisho anaghairi. Anataka mtu alipe palepale kwenye ukurasa. Idi iko wiki mbili mbele. Mwisho wangu ni Jumamosi adhuhuri.

Nikiweza, meza ya nyuma karibu na dirisha ni yangu, kazi ya kudumu, na Clara anacheza chini yake kwenye mkeka. Nisipoweza, kazi anapewa Mazin, mtoto wa kaka yake Bi Wahiba, mwenye diploma na miwani. Mie nirudi Mikocheni kiwandani kufungasha biskuti, Clara nimwache kwa jirani kutwa. Ana miezi kumi. Nilipokuwa nafanya kazi kule, jioni nikimchukua alikuwa ananililia mie kwa kumtaka jirani. Sirudi.

Kwa hiyo nimemwambia Bi Wahiba kazi imeshakwisha, nafuta vumbi tu.

Sijaanza.

Lakini kuna laibrari. Sio ya vitabu. Ni mistari ya programu aliyokwisha kuiandika mtu mwingine, wewe unaichukua bure, unaibandika kwenye ukurasa wako, na yenyewe ndiyo inaongea na mitandao ya simu. Hii inaitwa LipaChap. Juu kabisa wameandika: pokea malipo ndani ya dakika kumi.

Nitaanza kesho. Dakika kumi sitakosa.

Jumanne, 18 Machi

Dakika kumi zimechukua saa saba.

Maelekezo ni ya Kiingereza, nayasoma na kamusi ya simu pembeni. Aliyeandika anadhani kila mtu ni yeye. Eti weka ufunguo wako kama kawaida. Kawaida ipi? Mie nimesoma mpaka kidato cha pili, na miezi mitatu ya kompyuta pale Temeke. Hakuna aliyenitambulisha kwa hiyo kawaida.

Nikaenda kwa Mazin kwa ujanja, nikamuuliza ufunguo ni nini, kama vile namjaribu. Akasema ni yale maherufi marefu unayopewa duka likijisajili, na ndiyo yanayoamua pesa ziingie kwa nani. Kisha akauliza, sista Koku, kwani ulikuwa hujui? Nikamwambia nilitaka kuhakikisha kama yeye anajua. Akasafisha miwani. Simpendi akisafisha miwani.

Nikaweka ufunguo wa duka. Nikaandika namba ya Apolinari, ambaye muda huo yuko Kurasini kwenye yadi ya makontena na hana habari. Ikajibu namba si sahihi. Nikarudia. Si sahihi. Namba nimeishi nayo miaka mitatu ya ndoa, leo si sahihi.

Kumbe inataka ianze na 255, bila sifuri ya mbele. Nani Dar hii anaandika namba yake kwa 255? Hata kadi ya kliniki ya Clara ina sifuri.

Nikapata akili. Nikauamuru ukurasa uondoe sifuri wenyewe. Ukaondoa. Zote. Namba ya Apolinari ina sifuri nne. Iliyobaki ilikuwa kama namba ya nyumba.

Nimepiga meza, Clara akacheka, akapiga na yeye. Hasira: mara ya kumi, kumi na moja na kumi na mbili.

Jumatano, 19 Machi

Sifuri nimezimaliza. Sasa malipo yenyewe yanakataa. Maneno mekundu, mistari arobaini, hakuna hata mmoja unaosema kosa ni nini. Ni kama kugombana na mtu anayekutajia ukoo wake wote badala ya kusema umemkosea wapi.

LipaChap wana ukuta wa maswali. Nikajiandikisha kama Mhandisi K. Apolinari, mwanaume, miaka kumi na tano kazini, ili niheshimiwe. Nikamwaga yote. Nikaandika kuwa maelekezo haya ni ya mtu asiye na mama. Kwamba nimepoteza siku mbili. Kwamba nimefuata kila hatua kwa makini, isipokuwa pale nilipokuwa nanyonyesha.

Jibu likaja kabla ya mchana, kwa Kiswahili. Linatoka kwa Nikodemu, ndiye aliyeiandika LipaChap, peke yake, bure, na yuko hapahapa Dar, Mikocheni. Ameanza na pole sana, Mama Mhandisi. Akasema na yeye huandika akiwa amempakata mwanawe, ndiyo maana kuna mapengo. Akaniuliza kama nimesoma ukurasa wa tatu wa maelekezo.

Hasira ilitaka kunitoka. Nikaizuia isitoke, bado nilikuwa naihitaji.

Nikaufungua huo ukurasa wa tatu. Mistari miwili ya kwanza: ukiweka neno "jaribio" mahali fulani, kila malipo yatakubaliwa. Kila malipo. Hilo si ndilo ninalolitafuta tangu jana? Kwa nini halikuwekwa ukurasa wa kwanza, kwa wino mnene?

Clara akaamka hapohapo, sikuendelea. Nikaweka neno. Nikajaribu.

Tiki ya kijani. Malipo yamekubaliwa.

Nimemzungusha Clara chumba kizima mpaka akacheua begani kwangu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwenda dukani na kanga safi. Nimempa Bi Wahiba shikamoo ya nguvu. Nikanunua foronya kwenye ukurasa mbele yake. Tiki ya kijani.

Akatazama tiki, kisha akaitazama simu yake juu ya kaunta. Simu kimya. Akauliza, mwanangu, mbona haijalia?

Hapa nieleze. Duka hili lina sheria moja tangu marehemu mumewe aanze kupokea pesa kwa simu: mzigo hautoki mpaka simu ilie. Mteja akionyesha meseji kwenye simu yake, haimsaidii. Akiapa, haimsaidii. Bi Wahiba alishatapeliwa mapazia ya chumba kizima. Simu ya Bi Wahiba ilie, aisome mwenyewe, ndipo Stanley wa bodaboda apakie.

Mazin alikuwa amesimama pale na tabasamu la diploma. Nikasema meseji zinachelewa kwa sababu ya msongamano wa mfungo. Bi Wahiba akasema yeye ndiye aliyefunga, simu haijafunga.

Nimerudi nyumbani nimevimba. Tiki imekubali, yaani pesa zimekwenda, tatizo ni kengele tu! Kazi nzima inataka kunipotea kwa sababu ya kengele.

Basi nimeitengeneza kengele. Kuna huduma ya kutuma meseji kutoka kwenye kompyuta, mia za kwanza bure. Nimechukua meseji ya zamani ya malipo, nimenakili maneno yake, nimeuagiza ukurasa uitume kwa Bi Wahiba kila tiki ikitokea. Umepokea kiasi fulani kutoka kwa fulani. Sio uongo. Ni ukweli uliotangulia kidogo.

Saa kumi simu ikalia. Nilisikia kwa Stanley. Bi Wahiba amevaa miwani, amesoma, amesema Alhamdulillahi, na mzigo wa kwanza umetoka.

Ijumaa, 21 Machi

Simu imelia mara kumi na tatu leo. Shuka za Mbagala, udi wa Kigamboni, kanzu tatu za mtu ambaye hakuandika jina. Bi Wahiba ameanza kuniita injinia. Ameifuta ile meza ya nyuma kwa mkono wake. Nimemuuliza Mazin mbona kimya, braza, au chuo hawakufundisha? Akasema tusubiri kesho.

Wivu. Nimeuona kwa macho.

Kijambo kimoja. Mteja wa Pugu, Mwanaheri, amenipigia. Anasema shuka zimefika, nzuri, rangi ndiyo yenyewe, ila simu yake haikumwomba namba ya siri wala salio lake halijapungua, na yeye anamwogopa Mungu hasa mwezi huu. Nikamwambia ni teknolojia mpya, salio litapungua lenyewe. Akasema haya, Mungu akubariki. Watu wengine wanapenda kujitafutia wasiwasi.

Sijakasirika leo hata mara moja. Apolinari amekunywa bia.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekasirika kuliko siku zote za maisha yangu, na sijui nianze na nani.

Saa tano Bi Wahiba alikwenda kwa wakala kutoa pesa ya fundi wa kanzu. Akarudi na uso ambao sijawahi kuuona. Salio ni lilelile la Jumatatu. Wakala amemwonyesha kwamba zile meseji hazikutoka mtandao wowote wa simu. Simu imelia mara kumi na nne, na hakuna hata shilingi iliyoingia.

Nilimwambia ni msongamano. Sauti ilinitoka ndogo.

Ndipo Mazin akasogea, akafungua simu yake, akasoma kwa sauti. Ukurasa wa tatu. Mstari wa tatu, ule baada ya miwili yangu: katika jaribio kila malipo hukubaliwa, lakini hakuna pesa inayotoka kwa mteja wala kufika kwa muuzaji, usiwape wateja kabla hujaweka neno "halisi".

Mstari wa tatu! Clara angechelewa kuamka dakika moja tu.

Nilitaka ardhi ipasuke. Meza ile pale, imefutwa, na mie namuona Clara kwa jirani, ananililia. Nikaanza kulia na mie.

Lakini Bi Wahiba alikuwa hanitazami. Alikuwa anatazama shingo ya Mazin. Kanzu mpya. Darizi ya fundi wake, anaijua kama mwandiko wa mwanawe. Akamuuliza kwa upole ameinunua lini. Mazin akasema Ijumaa, shangazi, kwenye ukurasa. Ameilipia? Mazin akaanza kusafisha miwani. Na zile nyingine mbili? Akaendelea kusafisha. Alijua tangu Alhamisi. Aliagiza tatu ili leo anianike, na moja akaona aivae kabisa.

Bi Wahiba akasema amefunga, hivyo yaliyo moyoni atayasema baada ya magharibi. Kwa sasa Mazin avue. Akavua pale pale, akabaki na fulana ya mpira na miwani.

Kisha Bi Wahiba akanigeukia. Akanyoosha kidole kwenye meza ya dirishani. Keti. Utawapigia mmoja mmoja, kwa jina la Mwenyezi Mungu na la duka hili, na hutaondoka hapo mpaka wa mwisho alipe. Mazin atapanda na Stanley kwa wasiopokea simu. Kabla ya hapo abadilishe hilo neno, na wewe utazame.

Mazin akabadilisha, akafuta na kengele yangu. Jaribio likawa halisi. Neno moja. Siku tano za maisha yangu.

Niliyempigia wa kwanza ni Mwanaheri wa Pugu. Alikuwa ameshaiweka pesa pembeni. Akasema, nilijua tu.

Nikiwa kwa mteja wa nne nikasikia kitu chini ya miguu. Bi Wahiba amepiga magoti, na umri wake na swaumu yake, anatandika mkeka. Akamweka Clara juu yake na foronya ya kuchezea. Hakunitazama. Akasema mtoto hakai kwenye sakafu.

Kwa hiyo nimepata meza.

Jumapili, 23 Machi

Kumi na mbili wamelipa. Wawili Mazin anawatafuta Kigamboni juani. Mungu yupo.

Baada ya misa Mama Sesilia, mweka hazina wa jumuiya yetu, alikuwa analalamika kuhusu bahasha za zaka, zinapotea, watu hawana chenji. Nikamwambia pole. Nikamwambia kuna ukurasa mtu analipia zaka akiwa kitandani. Akauliza utachukua muda gani. Nikasema umeshakwisha, nafuta vumbi tu.

Safari hii sikupoteza hata dakika kumi. Nimeuchukua ukurasa wa Bi Wahiba kama ulivyo, na kila kilichomo, ufunguo wake na vyote, nikaondoa picha za mashuka nikaweka msalaba. Neno nimelikagua mara tatu: halisi. Nani atasema sijifunzi?

Nikodemu ameandika tena. Anauliza Mama Mhandisi anaendeleaje, na ananikumbusha nikihamia duka lingine nisome ukurasa wa nne. Nimemjibu kwamba hili si duka, ni kanisa.

Saa nane Mama Sesilia amejaribu. Simu yake ikamwomba namba ya siri, akaweka, tiki ya kijani, salio likapungua kweli. Amenikumbatia. Ameshawatumia jumuiya nzima, kaya thelathini na mbili.

Bi Wahiba amenipigia sasa hivi. Simu yake imelia mara tisa, na wakala amethibitisha ni pesa kweli. Anataka kujua huyu Sesilia na wenzake ni kina nani, na ni nani amewaambia kwamba yeye amefilisika hata wamtumie zaka mwezi wa Ramadhani.

Watu hawaridhiki. Wiki nzima alikuwa analalamika kwamba simu hailii.