Kamera ya Nyuma Ni Ng'ombe Wangapi?

Dancan Kibe hakuwahi kumiliki gari, hata la kusukuma, lakini Kitale nzima hapakuwa na mtu aliyejua kulisifu gari kama yeye. Kadi yake ilisema "Mkadiriaji wa Magari, Kimataifa". Ukimataifa huo aliupata Suam, mpakani, siku alipovuka kununua ndizi akarudi kabla chai haijapoa.

Asubuhi hiyo alikuwa hotelini akimalizia mandazi ya mtu mwingine, aliposikia Mzee Gicheru akilalamika meza ya nyuma.

"Ati wananiletea gari! Nimewaambia ng'ombe wa maziwa, kumi. Wao wanasema watakuja na gari, tukae chini tuangalie ni sawa na ng'ombe wangapi. Mimi gari najua moja tu, ile ya kubeba mahindi."

Gicheru huyu alikuwa mwenyekiti wa chama cha maziwa. Chama kilikonda kikafa, mwenyekiti akanenepa akajenga ghorofa. Wenye ng'ombe bado wanakumbuka, na wakipita kwenye ghorofa lile huhesabu madirisha wakijiuliza lipi ni lao. Sasa binti yake Rosaline alikuwa anaolewa na kijana wa Bungoma aitwaye Masika, na mzee alitaka kukamua upande huo pia.

Mtu mwenye roho nyepesi angesema pole. Dancan alisikia kengele ya shule siku ya kufunga.

"Mzee wangu, shikamoo," alisema, tayari ameketi. "Ni gari gani hiyo?"

"Sijui. Halberg."

Dancan alifumba macho kama mtu aliyetajiwa marehemu mpendwa. "Halberg! Saloon ya ukubwa wa kati. Si ile ndogo ya kubebea sukuma wiki, si ile ndefu ya waheshimiwa. Hiyo ni hatari, mzee. Inang'aa. Wakwe wataiangusha kwako kama ng'ombe kumi na utabaki unakamua taa."

"Ngai! Sasa?"

"Unahitaji mtu wa kuiteremsha thamani. Kitaalamu."

Wakapatana. Dancan akiliteremsha gari, Gicheru angempa mtamba mmoja kutoka boma lake. Walishikana mikono, na baadaye kila mmoja akahesabu vidole vyake.

Siku iliyofuata Dancan alikuwa Kanduyi, kwenye ukingo wa mji wa Bungoma, ambako mama Masika, Nasimiyu, alikuwa akiuza sufuria kando ya barabara. Mama huyu alifiwa na mume, na kabla udongo wa kaburi haujakauka mashemeji walikuwa wameshafungua zizi wakaenda na ng'ombe wote. Ndiyo desturi yetu tukufu: mjane hurithi picha ya marehemu na kikohozi chake. Nasimiyu alimsomesha Masika kwa sufuria, moja baada ya nyingine, na sasa kijana amepata mke, na boma la Gicheru linataka ng'ombe ambao hakuwa nao. Asipowapata, Rosaline angeozwa kwa muuza pembejeo mmoja mwenye tumbo na trekta mbili.

"Nimesikia kuna gari, mama," Dancan alisema.

"Gari iko," Nasimiyu alijibu, akigonga sufuria kumwonyesha mteja kwamba haijatoboka.

"Mimi ndiye mkadiriaji. Gicheru ameniita, lakini moyo wangu uko na wajane. Ukinishika vizuri nitaipandisha hiyo gari mpaka ng'ombe kumi na mmoja."

"Kukushika ni kufanya nini, baba?"

Alirudi Kitale na jogoo wawili na sufuria kubwa yenye kifuniko. Njiani, akimshika jogoo mmoja kwa kila kwapa, wazo la tatu lilimjia, na ndilo lililompendeza zaidi. Akiliteremsha gari chini kabisa, Gicheru atalikataa. Likikataliwa, mama wa sufuria atalia. Akilia, nani atamfuta machozi na kulichukua kwa bei ya huruma?

"Dancan," alijiambia kwa unyenyekevu, "wewe siyo mtu wa kawaida."

Jumamosi msafara wa Bungoma ulifika. Halberg ilitangulia, nyeusi, imenyooka, pua imechongoka kama ya mtu aliyesoma ng'ambo. Mbele ya lango la Gicheru ilisimama, kwa sababu lango lilikuwa limefungwa na akina mama walikuwa wanaimba nyuma yake, kama ilivyo siku ya mahari. Mgeni haingii bure.

"Nani hao?" aliuliza Gladwell, mke wa Gicheru, akiongoza wimbo kwa mwiko.

"Ni sisi, tumepotelewa na ua!" walijibu wa Bungoma.

"Ua letu haliokotwi na watu waliokuja na pua ndefu hivyo! Hiyo pua peke yake ni leso kumi!"

Walitoa leso, sukari na soda, lango likafunguka, vigelegele vikapanda mpaka kuku wakaruka ua. Nasimiyu alishuka kiti cha nyuma akiwa na gauni la kijani, akamkabidhi Dancan ufunguo kwa mikono miwili.

Wazee wa pande zote waliketi chini ya turubai. Gicheru alianza kwa kusafisha koo.

"Kwanza tuone makaratasi ya gari. Logbook."

Dancan aliona mbali. Yakianza kuulizwa makaratasi, yatafika kwake, na chuo alichosomea ukadiriaji kilikuwa kiti cha kinyozi. Alisimama kwa ghadhabu takatifu.

"Mzee Gicheru! Tumefika huko? Tangu lini ng'ombe wa mahari akaulizwa alikotoka? Baba zetu waliletewa ng'ombe, waliomba cheti cha kuzaliwa? Ukimuuliza mkwe alikotoa mali, si umemwita mwizi kwenye boma lako?"

Wazee walinguruma kukubali. Gicheru aliona haya.

"Ameongea ukweli," Nasimiyu alisema taratibu. "Ng'ombe wa mahari haulizwi alikotoka. Wote mmesikia."

"Tumesikia!"

Basi Dancan akaingia kazini.

"Tuanze na umbo. Mchoro wake ni mzuri, siwezi kukana. Mstari umetoka taa ya mbele mpaka ya nyuma bila kupinda, kama hotuba ya mgombea kabla ya uchaguzi. Kwa umbo, ng'ombe wawili."

Upande wa Bungoma ulipiga makofi.

"Lakini! Angalia tumbo. Liko chini. Panya akipita hapo anainama. Kwa barabara zetu hizi, toa ng'ombe mmoja na nusu."

"Nusu gani, ya mbele ama ya nyuma?" aliuliza mzee mmoja wa Bungoma.

"Ya nyuma."

"Si huko ndiko kiwele kiko!" Zogo likazuka, ikabidi Gladwell alete uji.

"Teknolojia," Dancan aliendelea, ameketi ndani, milango wazi. Alibonyeza hapa, kiti kikamkanda mgongo. Alibonyeza pale, paa likafunguka na watoto wakapiga kelele. Sauti ya mwanamke ikamwambia ageuke kushoto, ambako kulikuwa na choo. Mwisho akawasha kamera ya nyuma, na pale kwenye kioo wazee wakamwona Gicheru amesimama nyuma ya gari, mkono kwenye mfuko wa suruali, akijikuna.

"Zima hiyo!" Gicheru alifoka aliposikia kicheko.

"Kamera ya nyuma ni ng'ombe wangapi?" aliuliza Masika kwa adabu.

"Kamera ni ya mtu asiyejua kugeuza shingo," Dancan alisema. "Na haya makompyuta yote, mvua moja tu ikinyesha, yanakuwa redio. Sifuri."

"Nguvu je?" aliuliza mzee wa Bungoma.

Akalipeleka kwenye njia ya shamba la mahindi. Injini haikulia, ilinong'ona tu, na mwendo ukaja kama habari njema. Dancan alihisi kitu kifuani ambacho hakuwahi kukihisi kwa binadamu yeyote. Alikuwa amependa. Kwenye tuta la kwanza, alilipitisha makusudi palipo juu, tumbo likakwaruza udongo kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye turubai, naye akanong'ona, "Nisamehe, mpenzi." Gari hili liliundwa nchi ambayo barabara hailiwi. Huku kwetu barabara huliwa ikiwa bado kwenye lori la kokoto, na walioila huja kuizindua.

"Mmesikia wenyewe," aliwaambia wazee aliporudi, huku akitikisa kichwa na kumrudishia Nasimiyu ufunguo. "Thamani yake, kwa mkulima wa Trans-Nzoia, ni ng'ombe nusu. Na ni ile nusu ya mbele."

Gicheru alisimama kama hakimu. "Nimekataa gari. Leteni ng'ombe. Jua likizama hakuna ng'ombe, hakuna mke."

Rosaline, aliyekuwa dirishani, alifunika uso kwa kitenge. Mabega yake yalitikisika. Waliomwona walidhani analia.

Dancan alimkuta Nasimiyu nyuma ya ghala, ameketi juu ya jiwe, viatu mkononi.

"Pole, mama. Nilijaribu."

"Nilikuona ukijaribu, baba."

"Sasa utarudi Kanduyi na mzigo huu? Utaichekesha Bungoma nzima. Wacha nikuondolee aibu. Nitaichukua."

"Pesa sitaki," alisema Nasimiyu. "Pesa hailii zizini. Nataka kitu chenye miguu minne kiingie kwenye lile lango leo."

Dancan akahesabu kichwani. Maana ng'ombe alikuwa nao, sita, kwa shangazi yake Kimilili, wa maziwa, wanono. Kila mmoja alikuwa na jina la mtu ambaye Dancan alimliza. Mwalimu alinunuliwa siku mwalimu mmoja aliponunua trekta isiyo na injini. Kwaya alitokana na kwaya inayosubiri spika mpaka leo. Walikuwepo Viza, Ploti, Mbolea na Harambee. Aliwapenda. Lakini sikioni mwake injini ile ilikuwa bado inanong'ona.

"Sita wanatosha?"

"Ukimshawishi Gicheru, wanatosha. Wewe si mkadiriaji?"

Alipiga simu. Nasimiyu akaunyoosha ufunguo, kisha akaurudisha kidogo. "Na hutaki kuniuliza kitu chochote?"

Dancan alicheka. Aanze kuuliza, mama ashtuke abadili nia? Makaratasi yangechapwa Jumatatu na rafiki yake wa nyuma ya soko. "Mama, mimi nimesema mbele ya wazee. Siulizi."

"Haya. Shika ufunguo wako."

Lori la ng'ombe liliingia jua likiwa bado juu ya mahindi. Na hapo Dancan alifanya ukadiriaji bora wa maisha yake.

"Tazama umbo la Mwalimu! Mstari huo wa mgongo! Tumbo liko juu, linapita tuta lolote. Teknolojia: anakula nyasi, anatoa maziwa, hataki fundi. Kamera mbili, za mbele, na anafukuza nzi mwenyewe kwa waya wa nyuma! Mzee, ng'ombe sita hawa ni kumi wa watu wengine."

Gicheru, aliyejua maziwa kuliko alivyojua sala, alishika kiwele kimoja baada ya kingine na jicho likamlegea. Alikubali. Vigelegele vilipasuka. Rosaline alitolewa nje, akamtambua Masika mbele ya wote kuwa ndiye aliyemchagua, wakala mbuzi. Dancan hakungoja nyama. Aliondoka na Halberg, mkono nje ya dirisha, kiti kikimkanda.

Jumapili alingoja makanisa yatoke. Alipita katikati ya Kitale polepole, paa wazi, akawapungia watu aliowaliza mmoja mmoja. Karibu na soko, gari likanong'ona kwa mara ya mwisho, likanyamaza. Milango ikajifunga. Paa likajifunga. Wenye mikokoteni wakapiga kelele, umati ukajaa, na mwalimu fulani alikuwa mstari wa mbele akila hindi la kuchoma.

Akaja bwana mmoja mtulivu mwenye kanzu na simu mkononi. Alibonyeza simu, kioo kikashuka kidogo.

"Asalaam aleikum. Mimi ni Adow, wa magari ya kukodi, Bungoma. Mama Nasimiyu alikodi mpaka saa sita ya leo. Aliniambia nitakukuta hapa unapunga mkono."

"Hii ni gari yangu!"

"Ndugu yangu," Adow alisema kwa upole wa kutisha, "unaona hiyo teknolojia uliyoiita sifuri? Naizima kutoka sebuleni kwangu nikinywa chai. Shuka. Na hilo tumbo lililokwaruzwa, mama amesema aliyelikwaruza anajulikana."

Fidia ya tumbo ilimeza jogoo wote wawili, sufuria, saa ya mkono, na viatu vyake vilivyochongoka.

Alitembea peku mpaka kwa Gicheru. Lango lilikuwa limefungwa. Nyuma yake, akina mama walikuwa bado wanaimba sherehe ya jana, na Nasimiyu alikuwa katikati yao, anakamua.

"Nani huyo?" aliuliza Gladwell.

"Ni mimi! Nimekuja kuchukua ng'ombe wangu! Huyu mama ni tapeli!"

"Nilikudanganya wapi, baba?" Nasimiyu hakuinua kichwa. "Nilisema gari iko. Haikuwepo? Ukataka ufunguo, nikakupa ufunguo. Nikakuambia uulize."

"Mzee Gicheru, ongea! Ng'ombe hao ni wangu!"

Gicheru alisogea langoni, ameshika fimbo. "Kijana, mbona unaniaibisha? Ng'ombe wa mahari haulizwi alikotoka. Uliniambia mbele ya watu, nami nimekariri."

"Basi nipe mtamba wangu!"

"Wako yupo," alisema mwenyekiti wa zamani wa chama cha maziwa. "Njoo Jumatatu."

Wafugaji wa Trans-Nzoia wanaijua Jumatatu hiyo.

Ng'ombe Mwalimu aliinua kichwa kutoka kwenye majani, akamtazama Dancan kwa muda mrefu, vilevile kama mwenye jina alivyomtazama siku ya trekta, kisha akaendelea kula. Rosaline alitoka jikoni akapenyeza kikombe kati ya vyuma vya lango. Mabega yake yalikuwa yanatikisika tena.

"Karibu maziwa, mkadiriaji. Kunywa utuambie ni ng'ombe wangapi."

Dancan alikunywa, kwa sababu alikuwa na njaa. Yalikuwa mazito, matamu, bado yana joto la kiwele.

"Ni sita," alisema, akarudisha kikombe.