Taa Isiyochoka

Filamu ilikuwa ya mapenzi, lakini mle ukumbini hakuna aliyeweza kuapa nani alikuwa anampenda nani. Picha ilikuwa na giza la namna hiyo. Bibi harusi alipoingia na shela lake, nusu ya watazamaji walidhani ni msiba, na mama mmoja akamvua mumewe kofia kwa heshima.

Watu walipiga miluzi. Mmoja tu alikuwa akitabasamu, kiti cha nyuma kabisa. Huyo walimwita Injinia. Uinjinia wenyewe alijipa siku aliponunua kofia ya kuchomelea vyuma kwenye mitumba, ile yenye kioo cheusi cha kufunika uso, na kwa kuwa hakuna aliyempinga, akaendelea nao.

Biashara yake ilikuwa na bidhaa moja: balbu ya projekta ya sinema, halisi, mpya, ndani ya sanduku la mbao lililotandikwa sifongo. Aliipata kwa kuuza cherehani ya mkewe. Mkewe, fundi nguo, alikubali kwa sharti kwamba balbu ikiuzwa tu, cherehani irudi. Tangu hapo anashona kwa mkono, anajichoma vidole, anauliza habari za soko. Injinia humjibu kwamba soko limelala. Ukweli ni kwamba balbu ile ilikuwa imeshauzwa katika kila mji wenye sinema, na kila mara ilirudi nyumbani na mwenyewe.

Filamu ilipokwisha, alikwenda kwenye kidirisha cha tiketi. Ndani alikaa mwenye sinema, mjane mnene aliyeitwa Mama Pazia, kwa kuwa pazia la ukumbini alilivuta mwenyewe ili asimlipe mtu wa kulivuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tiketi hairudishwi."

"Sikuja kudai, mama yangu. Nimekuja kukupa pole. Taa yako inakufa."

"Inakufa tangu mwaka juzi. Nimeshazoea kuiuguza."

"Na unajua mpya zinauzwaje?"

"Usinitajie, presha itapanda."

Injinia akaegemea kidirisha, akashusha sauti kama mtu anayetoa posa. "Za dukani zikiwaka mwaka mmoja zinadai kiinua mgongo. Yangu ni ya aina nyingine. Haichoki. Itawaka mpaka wajukuu zako wawe ndio wanaokata tiketi hapa. Na bei ni nusu ya dukani."

"Kwa nini nusu?"

"Kwa sababu wewe ndiye wa kwanza hapa mjini. Wengine wakija kuona, hao ndio nitawakamua."

Hoja hiyo ilionekana kumwingia. Hakuna kitu kinachomlainisha mtu bahili kama kusikia kwamba jirani yake atakamuliwa. Wakakubaliana: kianzio pale pale, kilichobaki baada ya onyesho la alasiri.

Wakapanda ngazi hadi chumba cha projekta. Palikuwa padogo, pana feni moja inayokohoa, na kadirisha ka kioo ambako mwanga hupitia kwenda ukumbini. Jambo la kwanza Injinia aliangalia tarakimu ubavuni mwa mashine, zinazohesabu saa ambazo taa imewaka. Zilikuwa zimepita mbali mno umri wa taa yoyote. Balbu hizi zina hewa iliyoshindiliwa ndani, na ikizeeka hivyo hupasuka kwa kishindo cha kumtoa mtu meno.

"Tokeni wote," akasema kwa sauti ya mazishi, akivaa kofia na glavu. "Nina mke, lakini hii ndiyo kazi niliyoichagua."

Mama Pazia akatoka, pamoja na shemeji yake, pandikizi la mtu linalochana tiketi mlangoni.

Injinia akajifungia. Tumbo la mashine hakulifungua hata kidogo. Alifuta kile kioo cha dirishani, kilichokuwa na masizi ya tangu enzi za marehemu mume wa Mama Pazia, kisha akazungusha kitufe cha umeme kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Taa ile ile, inasukumwa zaidi, basi. Akarukaruka papo hapo apate jasho, akawasha kwa mkono ulionyooka, akatoka mbio na sanduku lake kwapani.

Ukumbini skrini ikawa nyeupe pe. Shemeji akafumba macho.

"Mashallah!" akasema Mama Pazia. "Na hilo sanduku?"

"Taa yako ya zamani. Hatari sana. Naenda kuizika mbali na watu."

Akaizima mashine. Kwa kawaida huu ndio wakati ambapo Injinia hukumbuka mgonjwa aliyelazwa mji mwingine, na taa ikija kupasuka, yeye yuko mbali anakunywa soda. Lakini Mama Pazia alimshika mkono kwa upole, akamkalisha, akamletea chai, na chai ile ikanyweka hadi mashine ikapoa na watu wakaanza kuingia.

"Sasa, mwanangu," akasema, "onyesho hili utakaa na taa yako. Mimi nitakuwa kwenye tiketi, shemeji mlangoni. Nikigonga, unawasha."

"Mama, nina safari."

"Saa mbili tu."

"Kifua changu na hili joto..."

"Injinia," akasema mama, "unaiogopa taa yako?"

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, na mlango haukuonekana tena. Injinia akacheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa. "Niiogope kwa lipi?" Mlango ukafungwa, kufuli likalia kwa nje.

Akabaki anaitazama mashine. Akipunguza umeme, giza litarudi na watu watadai kiingilio chao na roho yake. Asipopunguza, saa mbili atakaa ubavuni mwa kikongwe kinachosubiri kupasuka. Kwenye sanduku kulikuwa na balbu nzima, mpya, salama, na balbu hiyo ilikuwa cherehani ya mkewe. Alimwona kabisa, kainama dirishani, anafyonza kidole kilichochomwa na sindano. Akaona aibu ya kweli, akamwomba msamaha kwa sauti. Halafu akafungua sanduku. Mapenzi ni mapenzi, lakini uso anao mmoja.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Injinia alibadilisha balbu. Alifanya kazi kwa kupapasa, kwani kupitia kile kioo cheusi cha wachomeleaji hata kidole chake hakukiona. Ya zamani akailaza sandukuni kama anayelaza mtoto mwenye homa, akafunika haraka.

Mama Pazia akagonga. Mwanga ukatoka safi, wapenzi wakajulikana, ukumbi ukashangilia. Injinia mwenyewe alijikuta anatazama, na pale binti alipomkubali yule kijana, akatokwa na chozi.

Mlango ulipofunguliwa, mama alinyoosha mkono. "Sanduku liache."

"Chukua, mama," akajibu kwa moyo mweupe, maana leo hakuwa na uongo ndani yake. "Ila ni bomu, usi..."

Mama Pazia alishalifungua. Akaishika balbu kwa ncha ya khanga, akaiinua dirishani, na Injinia akaruka nyuma ya shemeji. Kioo cha balbu kilikuwa kinang'aa, hakina hata doa.

"Hii nimeinunua mwezi uliopita," akasema mama. "Naiwasha kwa umeme wa chini, ndiyo maana zangu zinadumu."

"Lakini... zile tarakimu!"

"Sijawahi kuzirudisha sifuri nikibadilisha taa, tangu enzi za marehemu. Wenye filamu wakija kudai, nawapandisha hapa wazione, nalia kidogo, wananipunguzia." Akairudisha balbu kwenye sifongo. "Mwenye sinema ya mji wa jirani ni mdogo wangu wa tumbo moja. Ulipoondoka na sanduku lako, taa yake ilipasuka ikavunja na kioo cha mashine. Alinieleza kofia yako vizuri sana. Basi, hii ni yake. Na fedha yako iliyobaki atanunulia kioo."

"Na mimi, mama?"

"Wewe umeona filamu bure. Si kawaida yetu, lakini leo nimefurahi."

Shemeji akamsindikiza hadi barabarani, kwa kumshika ukosi. Simu ikaita akiwa bado anajipangusa. Ni mkewe.

"Vipi soko?"

Injinia akageuka. Watu walikuwa wanatoka sinema wakisifu picha, na foleni nyingine ilishaanza kujipanga.

"Nimeuza," akasema. "Wateja wameridhika mno."

Upande wa pili mkewe alipiga kigelegele hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini. Kisha akarudi kwenye simu, anahema kwa furaha.

"Usihangaike kuibeba cherehani peke yako, mume wangu," akasema. "Nimeshakodi mkokoteni. Niambie tu uko duka gani, nakuja."