Ondoeni Ile Ngome Juu ya Kochi

Kwa shemeji yangu Fabien, Queensburgh,

"Picha haina mdomo, na mgeni anakuja kula, haji kukagua kuta." Ndivyo ulivyonijibu Jumapili baada ya misa, mbele ya watu, nawe ukacheka. Shemeji, nakuheshimu, lakini umekosea. Picha ile ya ngome iliyozingirwa, uliyoitundika sebuleni, ina midomo mingi, na yote ni ya mizinga.

Jumamosi wazee wa Armel wanakuja kumposa binti yako Lyse, na msemaji wetu ni mimi. Unajua desturi yetu Warundi: kwanza nikane kwamba tunawafahamu, niseme binti hayupo, nikatae mara mbili tatu kwa maneno matamu, ndipo tukubaliane ng'ombe na kunywa. Ni mchezo unaoharibika upesi. Wakiudhika kweli, watapakia kreti zao za bia na kuondoka, na Lyse atabaki na gauni. Kwa hiyo nalalamika kwa utaratibu:

1. Picha iko juu ya kochi la wakwe. Mzinga mkubwa umeinamishwa kuelekea pale pale atakapokaa mzee Ciza, baba yake Armel. Mkwe gani hupokelewa kwa kulengwa kisogoni?

2. Nimesoma habari za wachoraji wa vita wa karne ya kumi na tisa. Wengi walikaa kilimani, upande wa wenye kuzingira, na jua lote wakawapa majenerali juu ya farasi. Waliomo ngomeni ni vidoa. Sasa Jumamosi nani wanakuja, na nani wamo ndani? Vidoa ni sisi! Nitatajaje ng'ombe hata mmoja chini ya picha iliyokwisha kutoa hukumu?

3. Ngome nzima haina sufuria. Kuna vikapu vya udongo, mahandaki, moshi, lakini hakuna anayepika. Dada yangu Libérate atahangaika jikoni tangu alfajiri, halafu mgeni atatazama ukuta, atatazama sahani, aanze kuficha nyama mfukoni kwa kuhofia njaa ya miezi sita. (Nilipomweleza haya dada, alisema: "Kaka yangu akikosa wa kugombana naye, hugombana na ukuta." Mimi nikaendelea kula.)

4. Hili ndilo baya zaidi. Msemaji wao ni Séverin, mwalimu mstaafu, anayesoma hata maandishi ya kwenye mfuko wa sukari. Ataona yale mahandaki yanavyopinda na kuusogelea ukuta, naye atajifunza kunizunguka hivyo hivyo. Nitashindwa nyumbani kwa dada yangu, na aliyemfundisha adui ni fremu yenu.

5. Ngome ikianguka, mshindi huipa jina lake. Msishangae mkiamka Jumapili mtaa wenu unaitwa Cizaville.

Basi nawataka ninyi wawili, Fabien na Libérate: kabla ya Ijumaa jioni picha hiyo iwe imeshuka. Ubaki msumari. Msumari sina ugomvi nao.

Wasalimieni watoto, majirani, wanakwaya wote, na huyo mzee wa ghorofa ya chini anayedhani mimi ni mchungaji.

Ni mimi, shemeji na kaka yenu, ambaye hajazingirwa bado,
Pontien

N.B. Kabla sijaituma barua hii, Lyse amenipigia simu. Kumbe picha ameinunua yeye, na kuitundika yeye. Nikamuuliza nimemkosea nini mpaka anifanyie hivi. Akasema: "Tonton, mjomba wangu, angalia kona ya chini, kulia. Ukutani mwa ngome upo mlango mdogo, na askari wa ndani ameurudishia tu, hajaufunga. Jumamosi uwe yule askari. Kataa, piga makelele, omba ng'ombe wa dunia nzima, sharp, hayo yote sawa. Lakini ule mlango usiufunge, Tonton. Mimi nampenda Armel."

Iacheni picha. Ila ihamishieni ukuta wa pili, mbele ya kiti changu, nikisimama niuone ule mlango.